Aliyetumwa na msikiti au kanisa: muulize idhini kabla ya kumpa karatasi

Kutoka Sangailu hadi Garissa mjini ni safari ndefu, na mvua ikikolea magari hukwama. Ndiyo maana mtu akifika kijijini na kusema ametumwa na msikiti au kanisa kusaidia watu wapate karatasi, wengi humkabidhi bahasha nzima: cheti cha kuzaliwa, kipande (kitambulisho) cha baba, hata pesa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inayataja mashirika ya kidini miongoni mwa wanaoweza kutoa msaada huo, mradi yameidhinishwa chini ya sheria hiyo. Kanzu na msalaba havitoshi. Omba kuona idhini. Uliza pia kama atakayekuhudumia ni wakili au msaidizi wa kisheria. Msaidizi hukueleza sheria na kukusindikiza ofisini, lakini kukutetea mbele ya hakimu ni kazi ya wakili.

Wapo wanaosita kuingia ofisi ya dini isiyo yao, nami nawaelewa. Hata hivyo HIAS, shirika lililoanzishwa na Wayahudi huko Marekani, limewahudumia wakimbizi Nairobi kwa miaka mingi, Waislamu wakiwemo. Anayekutaka ubadili imani kwanza ndipo akusaidie, mwache.

Msaada wa kisheria si wa raia peke yao: mkimbizi na asiye na uraia wa nchi yoyote wanastahili pia. Aliyevuka mpaka kutoka Somalia kutafuta hifadhi, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtaka ajitokeze mara moja kwa maofisa wa wakimbizi, asipitishe siku 30. Akikamatwa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza mahakama ikifunguliwa. Ana haki ya wakili, na kesini apewe mkalimani bila malipo.

Lakini ndugu Mkenya, nakusihi: usitoe alama za vidole kama mkimbizi, hata ukame ukibana vipi. Wakenya wengi wa huku walijiandikisha kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, au waliandikishwa na wazazi wakiwa watoto, ili wapate chakula na matibabu. Walipotimiza miaka 18 na kuomba kipande, mashine ikawatambua kama wakimbizi. Bila kipande hupigi kura, na kazi ni shida kuipata. Shirika la Haki na Sheria la Garissa liliipeleka kesi yao Mahakama Kuu mjini humo, na Januari 2025 mahakama ikaamua kwa upande wao. Kama yamekukuta, peleka ushahidi wa wazazi wako: Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema baba au mama akiwa raia siku uliyozaliwa, wewe ni raia, hata kama ulizaliwa ng'ambo ya mpaka.

Anayekusaidia mpe nakala. Andika jina lake, shirika lake na tarehe. Cheti chenyewe rudi nacho nyumbani, hata aliyekiomba akiwa imamu unayesali nyuma yake.