Kukusanya Kazi za Wanafunzi kwa Fomu ya Mtandaoni: Somo Fupi kwa Walimu na Wakufunzi wa Pumwani

Mwalimu anayepokea kazi za darasa kupitia WhatsApp anaijua taabu yake: picha 40 zinaingia kwenye simu moja, nyingine hazina jina, nyingine zimezama chini ya salamu. Fomu ya mtandaoni, kama Google Forms, huziweka zote mahali pamoja na kuandika saa kila moja ilipowasilishwa. Kuitumia ni bure.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Majengo na mitaa iliyo karibu na Gikomba, simu moja hutumiwa na familia nzima. Fomu isiyozingatia jambo hilo inaweza kumfungia nje mwanafunzi aliyemaliza kazi yake vizuri. Zingatia yafuatayo:

1. Uliza jina na nambari ya usajili. Usitegemee barua pepe inayonakiliwa na fomu. Huenda ni ya mama au kaka.

2. Usiweke kikomo cha jibu moja. Kikomo hicho huhesabu akaunti, si watu. Ndugu wawili wakitumia simu moja bila kubadilisha akaunti, wa pili atakataliwa.

3. Omba faili pale tu inapohitajika. Swali la kupakia faili humlazimu mwanafunzi kuingia kwa akaunti ya Google. Kwa insha au hesabu fupi, weka nafasi ya kuandika jibu. Kwa picha ya rinda alilolishona au dirisha alilolichomelea, ruhusu faili moja isiyozidi MB 10.

4. Angalia nafasi uliyo nayo. Faili huingia kwenye Drive ya mwenye fomu. Akaunti ya bure ina GB 15, zinazotumiwa pia na barua pepe na picha zako.

5. Ijaribu kwanza. Ifungue kwa simu ya kawaida yenye bando ndogo, wala si kwa kompyuta ya ofisini pekee.

6. Linda taarifa za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa binafsi za mtoto. Usiulize mahali anapoishi wala picha ya uso wake ikiwa kazi haihitaji. Jedwali la majibu lisisambazwe kwenye kundi la wazazi.

Asiye na simu apewe njia nyingine bila kuaibishwa: alete daftari, mwalimu aipige picha kazi yake na kumjazia fomu. Alama hutolewa kwa kazi, si kwa simu.

Kabla ya kuandika kwamba mwanafunzi hakuwasilisha, muulize alitumia simu ya nani na fomu ilimjibu nini. Huenda kazi ipo tayari na ni mpangilio mmoja tu wa fomu unaohitaji kurekebishwa.