Kudai Deni la Mali Uliyouza

Wakulima wengi wa Mgeta na Kinole huteremsha kabichi na ndizi zao mpaka Morogoro mjini, wakampa mchuuzi kwa ahadi ya kulipwa Jumamosi. Jumamosi hupita, na fedha ya mbegu haipo. Ndipo mdai humwandama mdeni njiani, au hukimbilia polisi. Lakini kuchelewesha deni peke yake si jinai, ni madai. Mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri husemwa kwa Kiswahili, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Kwanza mwandikieni barua, mkitaja kiasi na siku ya mwisho, mkaweke nakala. Shida kubwa tuionayo ni ushahidi, maana maneno ya sokoni hukanwa upesi. Karatasi ndogo yenye tarehe, idadi ya mali, bei na sahihi ya mnunuzi yafaa kuliko mashahidi watatu wanaobishana. Tena sheria ya ukomo yatoa miaka 6 tu kudai deni la mapatano. Mdeni akikiri kwa maandishi na kutia sahihi kabla haijaisha, hesabu huanza upya.

Hata hivyo hukumu si fedha mkononi. Mdeni akikaidi, mdai hurudi kuomba hukumu ikazwe, mali ya mdeni ikamatwe na kuuzwa.