Bwawa la Samaki Nyuma ya Nyumba: Somo la Maji Yanayoanguka

Kila likizo wazee wa nyumbani wana swali lao: "Huko chuo mnasoma nini cha kutusaidia hapa?" Mimi ninayesomea ualimu wa sayansi swali hilo halina huruma nami, maana mwalimu hana pa kujificha. Safari hii, kwetu Ijumbi, wilayani Muleba, lilikuja na kazi kabisa. Baba mdogo ameona hotelini mjini bwawa dogo lenye maji yanayoporomoka juu ya mawe. Naye anataka la kwake nyuma ya nyumba, ila ndani yake pawe na sato wa kuliwa. Hela ya kuchimbia ameshatenga. Kilichobaki, alisema, ni "msomi atuchoree."

Makala hii ndiyo mchoro wenyewe, kwa maneno. Ukimaliza kuisoma utaweza kupima chemchemi kwa ndoo na simu, kueleza kwa nini samaki hufa alfajiri, na kuamua kama kwenu bwawa linafaa au halifai.

1. Anza na maji, si na jembe

Watu wengi huanza kwa kuchimba. Sisi tulianza kwa kuhesabu. Juu ya kibanja chetu kuna chemchemi ambayo majirani huchota maji tangu zamani. Bibi aliposikia mpango huu aliuliza jambo moja tu: "Maji hayo yakishuka kwako, kwa jirani yatashuka lini?" Kwa kweli kabla ya swali hilo hakuna aliyekuwa amewafikiria majirani. Sote tulikuwa tunawafikiria samaki.

Kupima ni rahisi. Chukua ndoo ya lita 20, ikinge maji, tumia saa ya simu. Pima kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, si masika, kwa sababu masika kila chemchemi ni tajiri. Yetu ilijaza ndoo kwa sekunde 80. Gawanya 20 kwa 80, unapata robo lita kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima, unapata lita 21,600.

Sasa bwawa. Tulikubaliana urefu mita 5, upana mita 4, na kina cha wastani mita 1. Hizo ni mita za ujazo 20, yaani lita 20,000. Unaona? Tukielekeza chemchemi yote bwawani, tutakuwa tunabadilisha maji yote karibu kila siku, na majirani wanabaki na madumu matupu. Hata samaki hawatafurahi: maji ya chemchemi ni ya baridi, na yakipita kwa wingi huondoka na rangi ya kijani ya mwani ambayo ni chakula cha sato. Kwa hiyo maji mengi si lazima yawe neema.

2. Kwa nini maji yaanguke?

Hapa ndipo baba mdogo na mimi tulikuwa na sababu tofauti. Yeye anapenda mlio na uzuri wake. Mimi nataka oksijeni.

Mchana, mwani ulio majini hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula chake, na katika kazi hiyo hutoa oksijeni. Jua likizama kiwanda hicho hufungwa, lakini kupumua hakufungwi: samaki, mwani wenyewe, na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula wote huendelea kuvuta ile iliyobaki. Oksijeni hushuka usiku kucha, na kiwango cha chini kabisa hufikiwa alfajiri kabla jua halijapanda. Ndiyo maana mfugaji hulala na samaki wazima akaamka kuwakuta wanaelea, halafu anaanza kumshuku jirani kwamba katia sumu. Mara nyingi sumu haipo. Ni hewa iliyokwisha.

Kuna mambo mawili zaidi. Kwanza, kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi na maji hubeba oksijeni kidogo zaidi. Uso wa Ziwa Victoria tu uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko vilimani juu yake. Pili, maji yatokayo ardhini mara nyingi huja na oksijeni kidogo kwa sababu yalikuwa yamefungiwa chini. Yakipitishwa juu ya mawe na kuvunjikavunjika matone, hukutana na hewa kabla ya kuwafikia samaki. Sato huvumilia shida nyingi, lakini oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita hupunguza kula na kukua. Miligramu 5 kwenda juu ndiyo raha yake.

3. Pampu ya sola au mteremko?

Baba mdogo alikuwa ameshauliza bei ya pampu ya sola. Tukafanya hesabu ya fizikia ya sekondari. Kuinua nusu lita kwa sekunde hadi kimo cha mita 1.5 kunahitaji 0.5 × 9.8 × 1.5, yaani kama wati 7. Pampu ndogo hupoteza nguvu nyingi, basi tuseme wati 25. Hiyo ni ndogo, paneli moja inatosha.

Lakini rudi kwenye sehemu ya 2. Samaki wanahitaji msaada saa ngapi? Alfajiri. Paneli inafanya kazi saa ngapi? Mchana, wakati mwani tayari unatoa oksijeni. Pampu ya sola isiyo na betri huburudisha wageni mchana na kulala usingizi samaki wanapokabwa. Ukiongeza betri, umeongeza gharama na kitu cha kuibiwa.

Sisi wa vilimani tuna mteremko, na mteremko hauna bili. Mpango tuliofikia ni huu: tangi la lita 2,000 chini ya chemchemi na juu ya bwawa. Linajazwa usiku tu, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati hakuna anayechota. Ni kama lita 4 kwa dakika, hivyo kibomba chembamba chenye koki kinatosha. Saa kumi na moja anayeamka kwanza hufunga koki ya kuingiza na kufungua ya kutolea. Maji yanaporomoka kwa saa tatu, lita 11 hivi kwa dakika, mpaka jua limeshapanda na mwani umerudi kazini. Mchana kutwa chemchemi yote ni ya majirani.

Lita 2,000 kwa siku ni chini ya sehemu moja ya kumi ya maji ya kiangazi. Bibi aliposikia hesabu hiyo hakupiga makofi. Alisema, "Hiyo umewaambia wenyewe, au umeniambia mimi?" Kwa hiyo baba mdogo akaenda nyumba kwa nyumba, na koki ikawekwa mahali ambapo kila mtu anaiona.

4. Sheria nayo ipo

Wazo la kwanza lilikuwa kuchimba palepale kwenye chemchemi. Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na busara hiyohiyo inafaa kwa chanzo kinachonywesha watu. Pia kuchepusha maji kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Anzia ofisi ya kijiji na afisa uvuvi kabla hujalipa vibarua. Shimo halifukiwi bure.

5. Kuchimba na kuziba

Finyanga tonge la udongo mbichi, lirushe juu na ulidake. Lisipopasuka, udongo una mfinyanzi wa kutosha. Likipasuka, una mchanga mwingi na bwawa litavuja. Wenye hela hutandika karatasi zito la plastiki. Kibanjani kuna njia nyingine: shindilia sakafu, tandaza samadi ya ng'ombe, juu yake majani mengi ya migomba, kisha udongo, ushindilie tena na uache wiki mbili tatu kabla ya kujaza maji. Bila hewa, bakteria hugeuza tabaka hilo kuwa utelezi unaoziba matundu.

Upande mmoja uwe na kina cha sentimita 80, mwingine mita 1.2. Kuta zilale mteremko, zisisimame wima, ili mtoto akiteleza aweze kutambaa nje. Na uzio ni lazima. Nyumba yenye watoto bila uzio haina bwawa, ina mtego.

Maporomoko yenyewe ni ngazi tatu za mawe bapa, kila moja sentimita 30. Chini ya mawe weka plastiki ili maji yasipotelee ardhini. Midomo ya mawe itokeze mbele ili maji yaachane na ukuta na kuanguka hewani. Yakiteleza ukutani umepata utelezi, hujapata oksijeni.

Bomba la kutolea liwe na wavu mzito. Sato hakuwa samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, kama sangara, na ngege wetu wa asili karibu atoweke. Usimwachie aendako. Maji yanayotoka yana mbolea ya samaki: yapeleke kwenye migomba na mboga, kamwe yasirudi yanakochotwa maji ya kunywa.

6. Matarajio ya kweli

Mita za mraba 20 si biashara. Weka vifaranga wawili kwa kila mita, jumla 40. Wakipona 35 wakafikia gramu 250, una kilo zisizofika 9. Tena sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 26 hadi 30. Vilimani kwetu kuna baridi, atachelewa. Maporomoko madogo hayawezi kuokoa bwawa lililojazwa kupita kiasi. Faida nyingine ni kwamba samaki wadogo hula viluwiluwi vya mbu, mradi ufyeke nyasi za kingoni wanakojificha.

Nilipotaja kilo 9 baba mdogo alinyamaza kidogo. Kisha akasema ni mboga ya nyumbani, na wajukuu watajifunza. Ninapoandika, shimo limeshachimbwa na tabaka la samadi na migomba linasubiri wiki zake. Vifaranga havijanunuliwa, na havitanunuliwa mpaka maji yakae mwezi bila kupungua zaidi ya tulivyokadiria.

Zoezi

(a) Chemchemi ya kwenu inajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 50. Inatoa lita ngapi kwa siku?
(b) Jua na upepo huondoa milimita 5 za maji kwa siku. Bwawa la mita za mraba 20 litapoteza lita ngapi? Likipungua zaidi ya hapo, maji yanakwenda wapi?
(c) Taja watu wote wanaotegemea maji hayo chini yako. Swali hili halina fomula. Jibu lake unalipata kwa kutembea, na lifanye kabla ya (a) na (b).