Dalali wa nyumba si dalali wa mkopo

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara wa samaki wa Kunduchi ana nyumba yenye hati. Anataka ya pili Unguja, ya kupangisha. Dalali aliyemwonyesha nyumba hiyo anaahidi kumtafutia na mkopo, mradi hati ya Kunduchi iwe dhamana. Hapo ndipo pa kusimama kwanza.

Dalali hulipwa mauzo yakikamilika. Riba iwe nafuu au kali, kamisheni yake haipungui. Mkopo wa Sh. milioni 60 wa miaka 15, kwa riba ya asilimia 15 ya salio linalopungua, hurejeshwa kwa Sh. 840,000 hivi kila mwezi. Kwa asilimia 18 ni Sh. 966,000. Mpaka deni liishe, tofauti hiyo inazidi Sh. milioni 22.

Benki ya Nyumba (THB) ilipofungwa mwaka 1995, mikopo ya muda mrefu iliadimika. Sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba, na kampuni ya TMRC iliyoanzishwa mwaka 2010 kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu, vilifungua njia upya. Kwa hiyo mkopaji alinganishe benki zaidi ya moja, asitegemee mdomo wa mtu mmoja.

Jambo la pili ni mpaka wa sheria. Benki Kuu ya Tanzania husimamia mabenki Bara na Visiwani, lakini ardhi si jambo la Muungano. Bara inatumika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Zanzibar ina sheria yake Na. 12 ya 1992, inayompa haki ya matumizi ya ardhi Mzanzibari. Mnunuzi wa kutoka Bara aulize mapema kama anaweza kumiliki kwa jina lake, na kwa njia ipi. Nchini Marekani nako, dalali wa mikopo ya nyumba huhitaji leseni ya jimbo analofanyia kazi. Ya jimbo jirani haimtoshi.

Anayejitolea kutafuta mkopo aulizwe haya:

1. Analipwa na nani, na kiasi gani? Jibu liwe kwa maandishi.

2. Ofa ya benki iko wapi, ikionyesha riba, ada zote na adhabu ya kuchelewa?

3. Ni wakili gani wa Zanzibar atakayekagua umiliki kule, na nani atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati huku Bara?

Akikwepa hata moja, mkopaji aende benki mwenyewe.

Mwisho, nyumba ya familia haiwekwi rehani Bara bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mke au mume asome ofa kabla ya kusaini: wapangaji wa Unguja wakikosekana, nyumba itakayopigwa mnada ni ya Kunduchi.