Pima Hereni Kabla ya Kuivaa

Mwezi uliopita bibi mmoja alimleta mjukuu wake zahanati. Mtoto ana miaka 4. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba na kutoa usaha. Hereni haikuonekana. Bibi alidhani imeanguka. Nilipoligusa sikio taratibu, niliihisi ndani. Nyama ilikuwa imeimeza.

Bibi huyo ndiye anayetoga masikio ya watoto kijijini kwao. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mama zenu wote nimewatoga mimi." Nilimwamini. Tundu lilikaa mahali pake. Kosa lilikuwa katika hereni: duara lake lilikuwa dogo mno.

Sikio likitogwa huvimba siku chache. Uvimbe unataka nafasi. Hereni ya duara ikibana, damu haipiti vizuri, nyama huchubuka, na chuma huzama ndani. Kwa hiyo pima kwanza. Azima rula ya mtoto wa shule. Tia alama pale utakapotoga, kwenye nyama laini ya chini. Pima kutoka alama hiyo mpaka ukingo wa sikio. Kisha pima uwazi wa ndani wa duara la hereni, si nje. Kama sikio ni milimita 5, hereni iwe milimita 8. Zile 3 zinazobaki ni za uvimbe.

Usizidishe sana kwa mtoto. Kidole chake kikipita ndani ya duara, atavuta na kulichana sikio. Mtu mzima anaweza kuvaa kubwa zaidi tundu likishapona, yaani baada ya wiki 6 hadi 8. Hata hivyo, hereni nzito yenye waya mwembamba hukata nyama polepole.

Tumia sindano mpya kwa kila mtu. Sindano ya kupokezana inaweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mtoto mchanga asubiri amalize chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Humo imo kinga ya pepopunda.

Kabla ya kuvisha, nawa mikono kwa sabuni. Pitisha ncha ya hereni juu ya ukucha wako. Ikikwaruza ukucha, itakwaruza na tundu. Irudishe kwa sonara ailainishe. Ukitaka kulifungua duara, usizitanue ncha zake. Vuta ncha moja mbele na usukume nyingine nyuma. Ukizitanua, duara hupinda na halifungi tena vizuri. Hapo ndipo watu wengi huharibu hereni zao, halafu humlaumu muuzaji.

Safisha tundu kila siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya taa.

Kutoa nako kuna utaratibu. Lainisha kwanza ukoko kwa maji hayo ya chumvi yakiwa vuguvugu. Ukoko mkavu ukiburutwa ndani ya tundu hulichana upya. Fungua duara, kisha lizungushe lifuate mviringo wake. Usivute moja kwa moja. Likikataa kuzunguka, acha, uje zahanati.

Na kama kuna usaha, usikimbilie kuitoa hereni nyumbani. Tundu linaweza kuziba na kuufungia usaha ndani. Njoo siku hiyo hiyo. Usichelewe hasa ikiwa umetogwa sehemu ngumu ya juu ya sikio. Ugonjwa ukiingia huko, sikio linaweza kuharibika umbo lake.

Yule mtoto nilimchoma sindano ya ganzi, nikaisukuma hereni kutoka nyuma. Ilitoka. Nilimpa dawa, na baada ya siku chache uvimbe ulipungua. La kulia nalo lilikuwa limeanza kubanwa, nikaitoa hereni mapema. Tundu la kushoto tumeliacha lizibe. Atatogwa tena baada ya miezi kadhaa, kando ya kovu.

Bibi aliiosha ile hereni, akaiweka juu ya rula yangu. Uwazi wake ulikuwa milimita 5. Tukapima sikio la kulia: milimita 5. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba ile rula. Nilimpa.