Redio ya Gari Isiyoshika Vituo: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa katika yadi za Dodoma hutoka Japani kupitia Bandari ya Dar es Salaam, na mengi huja na redio yake ya kiwandani. Mnunuzi aiwashapo kwa mara ya kwanza huweza kusikia mkwaruzo mtupu, au kituo kimoja tu kati ya vingi anavyovijua. Akienda kwa fundi huambiwa kwamba redio imekufa, au antena ni mbovu, au kunahitajika kisanduku cha kugeuza masafa. Lolote kati ya hayo laweza kuwa kweli. Laweza pia kuwa si kweli, na fedha zikawa zimekwisha kutoka. Somo hili linaeleza namna ya kutambua chanzo kwa majaribio ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya mwenyewe.

Jaribio la kwanza lifanyike nje ya gari. Simama mahali pa wazi, kisha washa redio ndogo ya betri kando ya gari na utafute kituo kile kile. Simu yenye redio ya FM yafaa pia, mradi uchomeke waya wa masikioni, kwani waya huo ndio antena yake. Sauti ipatikanayo kwa intaneti haifai kwa jaribio hili, kwa kuwa haiji kwa mawimbi ya FM. Redio ndogo ikisikika vizuri huku ya gari ikikwaruza, kosa limo ndani ya gari. Zote mbili zikishindwa, usiguse dashibodi: tatizo ni mahali ulipo, au ni kituo chenyewe.

Jambo la mahali lina uzito katika nyanda hizi za kati. Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka. Mlingoti wenye urefu wa mita 100 juu ya ardhi tambarare huifikia antena ya gari kwa umbali wa kilomita 46 hivi, kisha mviringo wa dunia huanza kuyazuia mawimbi. Mlingoti uliosimikwa kilimani hufika mbali zaidi, lakini kilima kingine kikiwa katikati huweka kivuli nyuma yake. Ndiyo maana dereva aendaye Kondoa husikia sauti ikififia akiikaribia milima ya Chenene, na aendaye Singida huipoteza mahali fulani kati ya Bahi na mteremko wa Bonde la Ufa kabla ya Manyoni. Vivyo hivyo kwa ateremkaye kuelekea Mtera. Redio haijaharibika. Kituo kinachorusha matangazo nchi nzima huweza kutumia masafa tofauti katika kila mkoa, hivyo msafiri hana budi kukitafuta upya. Ni vema kuandika masafa ya kila mji katika karatasi na kuiweka ndani ya gari kabla ya safari.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: gari likisimama penye taa za barabarani sauti hukatika, likisogea mita moja hurudi. Hapo mawimbi yanafika kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kugonga jengo au mlima, nayo hupunguzana nguvu. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, kwa hiyo kusogea kidogo tu hubadili hali. Hakuna kifaa cha kununua kwa dalili hii.

Tuje sasa kwenye magari ya Japani. Tanzania hutumia bendi ya FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani ilitenga FM kati ya 76 na 90, kwa kuwa masafa ya juu ya hapo yalitumiwa na televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilipozimwa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo mwaka 2011, eneo la 90 hadi 95 likaachiwa redio, na magari ya karibuni zaidi huweza kufika 95. Zungusha kitafutio cha redio yako hadi mwisho wa juu. Kikigota 90, redio yako ni nzima kabisa. Inasikiliza nchi nyingine. Hapa Tanzania itapata tu vituo vilivyo kati ya 87.5 na 90.

Kisanduku cha kugeuza masafa hufungwa kati ya antena na redio, na kazi yake ni kutoa kiasi fulani katika masafa yanayoingia. Kikitoa 15, kituo cha 98.0 huonekana kwenye redio kama 83.0. Wauzaji wengi hawaelezi hesabu inayofuata. Bendi yetu ina upana wa megahezi 20.5, ilhali redio ya 76 hadi 90 ina upana wa 14 tu. Kwa hiyo hakuna kisanduku cha namna hii kitakachokupa vituo vyote kwa pamoja. Cha kutoa 15 hukupa 91 hadi 105; kituo cha 106 hutakisikia. Cha kutoa 18 hukupa 94 hadi 108, nawe hukosa vilivyo chini ya 94. Kabla ya kulipa, andika masafa ya vituo unavyovipenda, kisha muulize muuzaji kisanduku chake hutoa kiasi gani. Asipojua, tafuta muuzaji mwingine. Tena, vituo vya karibu vyenye nguvu huweza kupenya na kuchanganyika na vingine, na kisanduku kisichofungwa vizuri waya wa arthi huongeza kelele. Kwa mtu anayesafiri sana, redio nyingine inayofika 108 huwa matumizi bora ya fedha kuliko kisanduku.

Redio iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ina kasoro ya namna yake: huruka kwa hatua za 0.2 na kusimama kwenye tarakimu witiri tu, kama 98.1 na 98.3. Kituo cha 98.2 husikika kikiwa na mikwaruzo. Redio nyingi za aina hii zina sehemu ya kuchagua eneo katika mipangilio yake, na kubadili hapo hakugharimu kitu.

Ikiwa redio inafika 108 na bado haishiki, kagua antena. Je, kijiti kimerudishwa na kukazwa baada ya gari kuoshwa? Kijiti kizuri kwa FM hukaribia sentimita 75. Vile vifupi vya urembo hupunguza uwezo, na vingine ni pambo tupu lisilounganishwa na chochote. Katika magari ambayo antena yake ni nyuzi za kioo cha nyuma, kuna kikuza mawimbi kinachohitaji umeme. Redio ya awali iliupeleka umeme huo. Fundi akifunga redio mpya na kuuacha waya huo ukining'inia, vituo vya mbali hupotea. Karatasi ya giza yenye madini iliyobandikwa juu ya kioo hicho huleta hasara ileile. Mwombe fundi achomoe plagi ya antena nyuma ya redio, kisha achomeke waya wa sentimita 75 katikati ya tundu lake. Sauti ikiboreka, redio haina kosa, wala hakuna sababu ya kuinunua nyingine.

Mwisho, sikiliza kelele zenyewe. Zima injini ukiacha redio ikiwaka. Mluzi unaopanda na kushuka kwa mwendo wa injini ukitoweka, chunguza altaneta, waya za plagi na arthi. Ukibaki, chomoa chaja ya simu, kamera ya kioo cha mbele na taa za LED zilizoongezwa, kimoja baada ya kingine. Chaja hafifu ni chanzo cha kawaida mno, na ni rahisi kukibaini.

Unaponunua gari, jaribu redio hapo hapo yadini kabla ya kulipa, na ahadi yoyote ya muuzaji iandikwe. Dai risiti ya EFD kwa kifaa na kwa ufundi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kumpotosha mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Ikiwa kituo kinasikika vibaya kwa redio nyingi mahali pamoja, au kituo kingine kinakiingilia, andika masafa, mahali, tarehe na saa, upeleke kwanza kwa kituo husika. Usiporidhika na jibu, yapeleke maandishi hayo hayo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati jijini Dodoma.