Kibodi na Kipanya Visivyo na Waya

Mtu atumiaye kompyuta ya mezani huwa na vyombo viwili karibu na mikono yake: kibodi, yaani ubao wenye vibonye vya herufi, na kipanya, ambacho husogezwa juu ya meza ili kuongoza mshale katika kioo. Kipanya cha kwanza kiliundwa California, Marekani, mwaka 1964. Douglas Engelbart ndiye aliyekibuni, na mwenzake Bill English akakiunda kwa mti, kikiwa na magurudumu mawili chini. Waya ulitokeza kama mkia, ndipo kikaitwa panya. Siku hizi vipanya vingi havina mkia, lakini jina limebaki.

Basi, kama waya haupo, habari za vidole huifikiaje kompyuta? Huchukuliwa na mawimbi ya redio, ndiyo yale ambayo wazee waliyaita simu ya upepo. Ndani ya kibodi mna betri na chombo kidogo cha kupeleka mawimbi. Nacho kipokezi, kidude kama ukucha wa kidole gumba, huchomekwa katika kompyuta.

Kuvitayarisha si kazi ngumu. Fungua kifuniko cha chini, utie betri kwa kufuata alama za + na −. Chomeka kipokezi katika tundu la yuesibi, kisha sukuma swichi. Ngoja kidogo, na mshale utaufuata mkono. Mara nyingi kipokezi hufichwa ndani ya kipanya, kando ya betri. Wengine hawakioni, nao hudhani wameuziwa kitu kibovu. Kikipotea, kipanya huwa kama mtu asemaye peke yake nyikani.

Mshale ukirukaruka, huenda kipokezi kiko nyuma ya sanduku la chuma lizuialo mawimbi, kihamishie mbele. Au huenda meza ni ya kioo kitupu. Chini ya kipanya mna taa na kamera ndogo ipigayo picha za meza upesi upesi, na juu ya kioo haioni alama yo yote. Weka karatasi chini yake.

Katika darasa lenye kompyuta nyingi, kila kipokezi husikiliza chombo chake tu, kwa kuwa vilijulishana kwa namba kiwandani. Lakini waya hufika mahali pamoja, na mawimbi huenea pande zote, hata kupita ukuta. Na katika kibodi ndimo maneno ya siri huandikwa. Kwa hiyo kibodi njema huyafumba maneno kabla ya kuyapeleka.

Si zote zilizofanya hivyo. Mwaka 2016 mafundi wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya vipokezi vilikubali amri zisizofumbwa, hata mgeni aliye mbali kiasi cha meta 100 aliweza kuandika katika kompyuta ya mtu mwingine. Vipokezi vingine vilirekebishwa kwa programu mpya. Vingine havikuweza kurekebishwa, na wenyewe wakashauriwa kuvichomoa na kurudia waya.